Bambo

Miaka ishirini na sita nimechoma magunia
kwenye ghala la Tandahimba.
Bambo juu, bambo katikati, bambo chini,
korosho zinateleza hadi kiganjani,
nazikata moja moja, nahesabu:
nyeupe, nyeupe, yenye doa, mbovu, nyeupe.
Kwa kiganja hicho nimeshusha daraja mzigo wa lori zima.
Wakulima wakanitukana hadi bibi yangu,
nami nikaandika, nikagonga muhuri.

Mwaka huu nimechomwa mimi.

Kilianza kikohozi, tukasema ni salfa
(kila kikohozi cha Juni huku kwetu ni salfa).
Daktari wa Mtwara akapitisha sindano ndefu kati ya mbavu,
akatoa kipande kama punje ya ulezi,
akausoma mzigo wote kwa punje hiyo.
Sikubisha. Ningebishaje?

Kisha mgongo nao ukaanza kusema usiku.
Wakapiga eksirei. Binti wa mashine, Fidea Nantanga,
akaibandika picha kwenye kioo cha taa:
pingili zimepangwa, nyeupe, kama makopa juani.
"Haioneshi kitu," akasema. Halafu, taratibu,
"lakini eksirei hushtuka mwisho, mzee.
Mpaka mfupa uliwe karibu nusu
ndipo inaona pengo."

Nikayakumbuka makopa ya mama kule Kitama,
meupe darini, kapu tele,
hadi siku ya kutwanga ukishika moja
linakuwa unga vidoleni.
Dumuzi waliingia tangu masika.
Hawakupiga hodi.

Dar es Salaam wana kamera nyingine.
Wanakudunga dawa yenye mionzi, umri wake mfupi,
kila baada ya saa sita hubaki nusu,
si dawa ya kungoja basi kutoka kusini.
Basi mfupa ndio uliosafiri,
na kila tuta la barabara niliandikishwa kwenye uti wa mgongo.

Nikadungwa. Nikanywa maji, nikakojoa,
nikangoja kwenye benchi mchana mzima.
Kamera ikanipitia polepole toka utosini hadi kwenye kucha.
Haikuchagua gunia.
Ililimwaga ghala lote sakafuni.

Nikatoka mdogo, kama mtu aliyechorwa na mtoto kwa penseli,
na madoa meusi matano:
bega, ubavu wa saba, pingili mbili za kiuno,
na kifundo cha mguu wa kushoto.

Dawa ile, wakanieleza, hukimbilia
popote mfupa unapojishona upya.
Haiulizi nani kaanzisha,
fundi anayeziba au mwizi anayetoboa.
Ubavu na kiuno hawana shaka navyo.
Bega wanalibishania,
wanataka mashine ya sumaku ilitazame,
ile inayogonga kama mafundi bati juu ya paa,
inayouona uboho
kabla mfupa wenyewe haujapata habari.
Bei yake nimeihesabu kwa kilo za korosho,
nikahesabu tena, nikaacha.

Leo nimerudi ghalani kumkabidhi Bakili bambo.
Kijana mzuri, ila anakata haraka mno
na mafuta ya ganda yameshamuunguza vidole.
Nimeibandika filamu kwenye kioo cha dirisha,
nyuma yake magari yanasubiri mizani,
matairi yanaonekana katikati ya mbavu zangu.

Akaisogelea. Akatafuta kama nilivyomfundisha,
juu, katikati, chini,
kidole kikasimama kwenye kifundo.
"Hili ndilo kubwa kuliko yote," akasema,
sauti imemkauka.

"Hilo si lolote," nikamwambia. "Hilo ni lori la Mtama,
mwaka ule wa mnada uliogomewa. Niliruka vibaya.
Hadi leo mvua ikikaribia linavimba."

Akacheka kidogo.
Akashusha kidole.
Yale madogo hakuyagusa.